Tulicheka papai, tukasahau fenesi

Bila shaka unaikumbuka ile hotuba ya Chato, Mei 3, 2020. Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kimyakimya maabara ya taifa, zikiwa zimepewa majina na umri wa watu. Papai likarudi na korona, mbuzi naye vilevile. Mitandaoni tukacheka wee. Lakini kulikuwa na fenesi pia, na majibu yake hayakuwa chanya wala hasi: hayakuwa na uhakika. Hilo tuliliruka, na somo lilikuwa hapo.

Kipimo cha PCR hakitafuti kirusi kizima. Kinatafuta vipande vya jeni zake, mara nyingi viwili au zaidi. Vyote vikionekana, majibu ni chanya. Visipoonekana kabisa, ni hasi. Kimoja kikionekana na kingine kisionekane, maabara haibahatishi. Inarudia kupima, na utata ukibaki, unachukuliwa sampuli mpya. Huenda maambukizi ndiyo kwanza yanaanza, au yanaisha, au kijiti hakikufika vizuri puani.

Kipimo cha CDC ya Marekani, kwa mfano, hutafuta pia jeni ya binadamu. Jeni hiyo isipoonekana, na kirusi nacho hakipo, majibu hayahesabiki. Maana yake kipimo kimetengenezwa kwa ajili ya pua ya mtu, si utomvu wa fenesi.

Sasa rudi kwenye hotuba. Papai kuwa na korona ni swali halali: huenda sampuli zilichafuliwa, na kila maabara inapaswa kukaguliwa. Ila fenesi halikuthibitisha ubovu wowote. Mashine ikisema "sijui", huo ni uaminifu. Ukaguzi wa maana ungetumia sampuli za watu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha zikapimwa na maabara nyingine pia. Badala yake mkurugenzi wa maabara alisimamishwa kazi, na takwimu za taifa zikaganda kwenye wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka.

Na wewe ukipewa majibu ya namna hiyo, usishangilie, usilie. Kaa mbali na bibi na babu, vaa barakoa, kisha rudi ukapimwe tena. "Sijui" ya maabara haimaanishi "huna".