Namba Moja Iliyochelewa

Programu ya FreeCAD, ambayo humwezesha fundi kuchora kifaa kwenye kompyuta kabla ya kukata chuma, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ni programu huria: haiuzwi, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Hata hivyo, toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Miaka 22 ilipita, na matoleo yote bado yakianza na sifuri. Je, ulikuwa uvivu au uaminifu?

Tulipime jambo hili mahali ambapo kosa lina bei. Gairo hulimwa mahindi, na fundi wa kuchomelea wa pale anaweza kuagizwa mashine ya kupukuchulia. Tuseme amechora ubavu wa mashine, akaweka matundu ya beringi, kisha mteja akataka mashine pana zaidi. Katika matoleo ya zamani, programu ilizitambua nyuso na kingo za mchoro kwa namba tu. Ukibadilisha hatua ya mwanzo, namba ziliweza kupangwa upya. Tundu la upande huu likahamia upande mwingine, au mchoro wote ukagoma. Fundi asiyegundua mapema amekwisha kata bati, na bati lililokatwa halirudi dukani.

Kwa hiyo naona watengenezaji walifanya vyema kuinyima programu yao namba moja. Masharti makubwa yaliyobaki yalikuwa mawili: ugonjwa huo utibiwe, na programu iwe na sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande vya mashine. Toleo lililokuwa liitwe 0.22 ndilo likapewa heshima ya kuitwa 1.0.

Lakini lawama ipo. Tiba ilikwisha buniwa na mtaalamu mmoja, katika tawi lake mwenyewe la programu, miaka kadhaa kabla ya 2024. Sababu ya kuchelewa inaeleweka: kazi kubwa ya mtu mmoja sharti isomwe na wengine, la sivyo siku akiondoka hakuna wa kuitunza. Ila kusoma nako ni kazi, nayo hutaka kupangiwa watu na muda. Watu walipojipanga kuihamisha tiba ile kipande kwa kipande, iliingia. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema gharama ya kukawia italipwa na nani. Hapa ililipwa na watumiaji, ambao hawakukaa kwenye meza ya mipango.

Tena tiba yenyewe imepunguza ugonjwa, haikuumaliza. Basi fundi wetu na alipokee toleo hili kwa shukrani, kwani hakuombwa hata senti moja. Lakini kabla ya kuwasha msumeno, apime tena kwa futi yake.