Kigego wa Thebes
Mwaka 1971 Oxford University Press, Nairobi, ilitoa *Mfalme Edipode*, tamthilia ya Sophocles katika tafsiri ya Samuel Mushi. Likizo iliyopita nilipanda nayo Lushoto, nikawa namsomea bibi jikoni huku maharage yakichemka.

Mwanzo haukuhitaji maelezo. Thebes ina tauni, mazao yanakufa, wanawake wanazaa watoto wafu, na watu wanamwendea mfalme. Darasani, hapo ndipo tulipofundishwa imani za Wagiriki. Bibi alisema tu kwamba mfalme ameiharibu nchi. Kishambaa kina neno lake, kubana shi, na la kinyume chake, kuzifya shi, kuiponya. Mfalme wa Kilindi alipimwa kwa mvua. Kwa hiyo bibi alijua tangu ukurasa wa kwanza jambo ambalo Edipode analitafuta mchezo mzima. Hata hivyo hakuchoka. Waathene nao walikaa kusikiliza hadithi waliyoijua.

Tulipofika pale malkia anaposimulia mtoto aliyefungwa miguu akatupwa mlimani, bibi aliuliza, "Alikuwa kigego?"

Nikanyamaza. Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Zamani hakuachwa aishi. Mbegha, mwasisi wa Wakilindi, alikuwa kigego. Katika *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, wazazi wake wanamhifadhi. Wakishakufa ndugu wanamnyima urithi, naye anaondoka Nguu, anawinda nguruwe, anaua simba, na Washambaa wanamtawaza Vuga. Edipode pia aliingia ugenini, akamshinda mnyama wa mafumbo, akapewa kiti. Ila Vuga hakuna aliyerudi nyuma kuchunguza.

Hapa namlaumu mtafsiri, kidogo. Katika Kigiriki jina la mfalme huyu limebeba mguu uliovimba. Kila anayemwita anagusa kovu lake. "Edipode" haigusi kitu. Sisemi angemwita Kigego, maana hilo lingekuwa kosa jingine. Lakini lugha yenye watu wanaoitwa Tabu, Shida na Mashaka ingeweza kumpa jina linalosema.

"Hapana, bibi," nilimjibu. "Ilitabiriwa tu kwamba atamuua baba yake."

"Basi walimwonea."

Akasogeza kuni. Akasema kwao alikuwako mmoja, aliyemtangulia yeye kuzaliwa. Nilingoja aendelee. Akaniambia nisome.