Kitambaa Kwanza, Spana Baadaye

Mtu akirithi Land Rover ya marehemu baba yake mjini Goma, anarithi funguo, karatasi zilizoliwa kona na panya, na doa jeusi pale gari lilipozoea kulala. Ndugu watamshauri aliuze kwa kilo, chuma ni chuma. Akikataa, atateremka Birere.

Birere imebanana kati ya katikati ya mji na mpaka wa Rwanda. Ukivuka kizuizi cha mpakani kiitwacho Petite Barrière, uko Gisenyi. Birere ndipo Goma inaponunua vipuri, misumari, sufuria, simu na vitenge, huku chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipenya kati ya watu na mizigo. Nyumba nyingi ni za mbao, zimeshikana bega kwa bega, na mtaa umeungua zaidi ya mara moja. Jambo hilo linaonekana hata katika kazi ya fundi wa magari. Fundi wa kweli wa hapa haweki oili na petroli kwenye kapu moja. Oili inayodondoka ni gharama na uchafu, inaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Petroli inayodondoka haisubiri hata jioni. Goma inalijua hilo kwa uchungu: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya mji, siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota petroli karibu na mawe yaliyokuwa bado ya moto. Walikufa makumi ya watu.

Kwa hiyo gari likifika, kwanza fundi anainama na kunusa. Kama ni petroli, anafungua waya wa betri, anawafukuza wavuta sigara na kuwahamisha vijana waitwao Kadhafi, wale wauzao petroli kando ya njia kwa bidoni na chupa. Ndipo anafuata njia ya mafuta kutoka tangini hadi kwenye kabureta, kwa kidole, kiungo baada ya kiungo. Mipira ya zamani hupasuka mahali inapokunjwa, na mara nyingi mtu aliyetangulia ameweka mpira wa maji, ambao petroli huulainisha mpaka uwe kama ugali. Pampu ya petroli ya injini hizi ina kitundu kidogo chini yake. Kikitoa petroli, kiwambo cha ndani kimechanika. Hapo fundi hutoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa pia, kwa sababu petroli huenda imeshuka ndani ya injini na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji. Mwenye gari huwa anafurahi kuona oili yake haipungui, bali inaongezeka. Fundi hafurahi.

Harufu nyingine haitokani na kuvuja kabisa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani huku inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinageuka nyeusi, na bomba la moshi linanuka siku nzima. Ukibadilisha gasketi zote za dunia, harufu itabaki. Au boya la kabureta limetoboka: likizama, petroli hufurika. Maboya ya shaba ya manjano hupimwa kwa kutikiswa karibu na sikio, kisha kuzamishwa kwenye maji ya moto. Vipovu vikitoka, hapo ndipo pa kuchomelea risasi.

Na tangi lenye tundu dogo? Madereva wa njia ndefu wanajua kusugulia sabuni ya mche, maana petroli haiyeyushi sabuni. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani, haizidi hapo. Kulichomelea ni habari nyingine: tangi humwagwa, huoshwa kwa maji ya moto tena na tena, kwa kuwa tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Baada ya petroli ndipo zamu ya oili, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina sifa ya kutona oili duniani kote, na barabara za mawe ya volkano zinalegeza bolti zake bila huruma. Fundi asiyejua huona oili inadondoka chini, kati ya injini na giaboksi, na papo hapo anatangaza: sili ya nyuma imekufa. Kuifikia sili hiyo ni kushusha giaboksi, klachi na flaiwili. Ni bei ya mbuzi kadhaa.

Fundi mjuzi huchukua kitambaa. Anaosha injini nzima kwa brashi na mafuta ya taa, anaikausha, kisha anaipaka poda nyeupe kila upande. Gari linazungushwa mpaka lipate moto, linarudi, na yeye anaingia chini na tochi. Oili haijui siasa: inashuka, na upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo anaanza kusoma juu, mahali poda ilipolowa kwanza, wala si pale tone linapoangukia. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kutolea uchafu. Anapokea tone kwa kidole na kulinusa. Oili ya gia inanuka kiberiti kikali. Ya injini ni nyeusi, ina harufu ya kuungua. Mara nyingi safari inaishia juu kabisa, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ambapo oili ilikuwa ikipita polepole nyuma ya injini hadi chini. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya saa moja.

Hata hapo hafungui kabla ya kutazama bomba la kupumulia la injini. Likiziba, pumzi ya ndani hukosa njia na kusukuma oili kwenye kila sili, nzima kwa mbovu. Nimemsikia fundi mmoja mzee akimwambia kijana wake, aliyekuwa ameshashika spana: “Acha kwanza, mtoto. Itoboleye pua, ipumue.” Walisafisha bomba. Nusu ya matone yakakoma.

Gasketi isipopatikana dukani, inakatwa hapohapo. Karatasi nene inalazwa juu ya chuma, na nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo inagonga ukingo taratibu, tik tik tik, mpaka umbo lijikate lenyewe, na matundu ya bolti pia. Washa za shaba zilizokwishabanwa hazitupwi: zinapashwa moto hadi ziwe nyekundu, zinatumbukizwa majini, na zinatoka laini kama mpya. Kisha bolti zinakazwa kwa kuvukana, huku na kule, kwa mkono mwepesi, maana gasketi ya koki ikikazwa kwa hasira inapasuka.

Ninachokichukia ni ile silikoni nyekundu inayopakwa kila mahali kama siagi kwenye mkate. Ziada yake hukatika ndani na kuziba njia za oili, na injini iliyokuwa ikilia tu sasa inakufa.

Ukirithi gari la namna hii, anza na mipira ya petroli. Badilisha yote, hata inayoonekana nzima, kabla hujaliwasha hata mara moja. Oili itafuata. Na fundi akija ambaye mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye spana, mpe nauli yake aende.