Joto la Udongo na Kalenda ya Serikali: Kazi za Majira ya Kuchipua katika Bustani za Uingereza wakati wa Vita

Majira ya kuchipua, ambayo baadhi ya wafasiri huyaita masika na hivyo kumpotosha msomaji, ni kipindi cha kuanzia Machi hadi Mei ambapo, katika nchi za kaskazini zilizo mbali na ikweta, baridi hulegea hatua kwa hatua, mchana hurefuka na mimea iliyolala huamka. Masika ya Afrika Mashariki ni majira ya mvua, na mkulima wa Morogoro au Kilifi huanza kupanda pale mvua inapoaminika. Lakini Uingereza hunyeshewa karibu kila mwezi wa mwaka, kwa hiyo kinachosubiriwa huko mwezi Machi si maji bali joto, na hasa joto la udongo, ambalo huchelewa nyuma ya joto la hewa. Kazi zote za bustani ya nyumbani katika kipindi hicho, hata zile zinazoonekana kuwa desturi tu, hueleweka vyema zikitazamwa kuwa ni mbinu za kuliwahi joto hilo au za kuikwepa baridi inayorudi bila kubisha hodi.

Bustani za miaka ya vita, kati ya 1939 na 1945, zinafaa kuchambuliwa kuliko nyingine kwa sababu ndizo zilizolimwa kwa mpango ulioandikwa. Mwezi Oktoba 1939, vita ikiwa na umri wa mwezi mmoja tu, Wizara ya Kilimo ya Uingereza ilianzisha kampeni ambayo kaulimbiu yake kwa Kiswahili ingesomeka “Lima kwa Ushindi”, na kupitia vipeperushi vyake watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika jembe walielezwa wapande nini, wapi na lini. Kipimo cha kawaida kilikuwa kipande cha futi 90 kwa 30, yaani takribani mita za mraba 250, kilichogawanywa sehemu tatu: moja ya viazi mviringo na mazao ya mizizi, ya pili ya jamii ya kabichi kwa ajili ya kula wakati wa baridi, na ya tatu ya mchanganyiko wa njegere, maharage, vitunguu na liki. Mgawanyo huo ulikuwa na hekima ya jikoni kabla ya kuwa na hekima ya shambani, kwa kuwa lengo halikuwa kuvuna kwa wingi mwezi Julai, wakati kila jirani ana saladi ya kugawa, bali kuhakikisha kwamba sufuria haikosi kitu cha kijani Januari na Februari.

Kazi ya kwanza ya majira haya ilitegemea kazi iliyokwisha kufanywa miezi minne kabla yake. Udongo wa mfinyanzi, ambao umejaa katika sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uingereza, hulimwa mwezi Novemba na kuachwa na mabonge makubwa bila kusawazishwa, ili maji yaliyomo ndani ya mabonge hayo yagande. Na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, kila usiku wa barafu hulipasua bonge kwa ndani, na mchana unapoyeyusha barafu hiyo nyufa hubaki. Kufikia Machi bonge ambalo jembe lisingelivunja huporomoka likiguswa na reki, na hapo ndipo mkulima hupata tabaka la juu lenye chembe laini, ambalo mbegu ndogo kama ya karoti huhitaji ili iguswe na udongo wenye unyevu pande zote. Aliyekosa kulima kabla ya baridi, na walikuwa wengi mwaka 1940 kwa sababu nyasi za uani ziliendelea kugeuzwa kuwa bustani hadi majira yenyewe yakafika, alijikuta akipigana na mabonge yale yale kwa mikono, na jasho lake halikumpa tabaka laini kama lile ambalo barafu humtengenezea mwenye subira.

Ugumu wa pili ulikuwa maji. Gramu moja ya maji huhitaji joto takribani mara tano ya lile linalohitajiwa na gramu moja ya chembe kavu za udongo ili kupanda nyuzi sawa, na kwa sababu hiyo udongo ulioloa huchelewa kupata joto hata jua likiwaka. Ikiwa mtu ataukanyaga udongo huo ukiwa bado mbichi, huzibana nafasi zinazopitisha hewa, maji hushindwa kutoka, na ubaridi hukaa muda mrefu zaidi. Kipimo cha wakulima wazoefu kilikuwa chepesi, na hakuna chombo kilichokishinda: udongo unaong’ang’ania viatu haujawa tayari, na mwenye bustani arudi ndani akapange mbegu zake.

Hapa ndipo udhaifu wa kipeperushi ulipojitokeza. Kalenda iliyochapishwa hutaja miezi, ilhali mbegu husoma nyuzijoto. Njegere huweza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 hivi, karoti huhitaji takribani 7, na maharage ya kawaida hukataa kabisa chini ya nyuzi 10 hadi 12, yaani huoza ardhini kabla ya kuota. Na kati ya bustani ya pwani ya Cornwall na ile ya mlimani Scotland tofauti ya kuufikia udongo wa nyuzi hizo huweza kuwa wiki kadhaa. Kuwahi nako kuna adhabu isiyoonekana mara moja, kwa maana mche wa bitiruti uliopigwa na baridi ya muda mrefu ukiwa mchanga huhesabu kwamba umeshapita mwaka mmoja, na badala ya kunenepesha mzizi hukimbilia kutoa maua. Mpango wa serikali haukukosea kwa kutaja Machi au Aprili, maana watu wasio na uzoefu lazima wapewe pa kushika, lakini walioufuata kama amri walipoteza mbegu ambazo wakati ule hazikuwa rahisi kupatikana upya.

Zao lililobeba mzigo mkubwa zaidi, na ambalo mbinu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, ni kiazi mviringo. Mbegu zake zilitoka hasa Scotland, na sababu yake si fahari ya mahali bali ni wadudu: vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na kusambaza virusi vya viazi, hawastawi sana penye baridi na upepo mwingi, kwa hiyo mbegu ya huko hufika ikiwa na afya. Mwezi Februari, wakati ardhi bado haifai, viazi hivyo hupangwa kimoja kimoja ndani ya trei ya mayai, upande wenye macho mengi ukielekea juu, kisha huwekwa chumbani penye mwanga wa kutosha na baridi isiyofikia kugandisha. Mwanga ndio siri ya kazi yote, kwa kuwa kiazi kilichowekwa gizani hutoa machipukizi marefu, meupe na dhaifu yanayovunjika kwa kuguswa, ilhali cha penye mwanga hutoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau, yasiyozidi sentimita 2 au 3. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanaohifadhi mbegu katika maghala ya mwanga hafifu hutumia kanuni hiyo hiyo, ingawa wao huitumia zaidi kuiokoa mbegu isizeeke, na Mwingereza huitumia kununua wiki mbili au tatu za ukuaji kabla udongo haujamruhusu.

Upandaji wenyewe hufanyika mwishoni mwa Machi hadi Aprili, kina cha sentimita 12 hivi, kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi kwa aina za mapema, na pana zaidi kwa aina za kuwekwa akiba. Majani yakichomoza, udongo wa pembeni huvutwa kuyapandia shina na kujenga tuta. Kazi hii huzuia viazi visipigwe na jua vikageuka kijani na kuwa na sumu, na papo hapo huwa ndiyo blanketi ya kwanza dhidi ya jalidi, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku ambapo joto la ardhini hushuka chini ya sifuri.

Kitunguu kilikuwa na kisa chake. Kabla ya vita Uingereza iliagiza sehemu kubwa ya vitunguu vyake kutoka nje, hasa Bretagne ya Ufaransa na visiwa vya mlango wa bahari ulio kati ya nchi hizo mbili, na maeneo hayo yalipotekwa katikati ya 1940 kitunguu kiliadimika hadi kikawa zawadi ya bahati nasibu maofisini. Mbegu yake husiwa mapema, mwezi Machi, juu ya kitalu kilichosawazishwa na kushindiliwa kwa miguu, jambo linaloonekana kupingana na yote yaliyosemwa juu ya kutoukanyaga udongo, isipokuwa kwamba ushindiliaji huo hufanywa udongo ukiwa umekauka juu.

Mzunguko wa mazao, yaani kuhamisha kila kundi sehemu nyingine mwaka unaofuata, ndio uliokuwa uti wa mgongo wa mpango. Kabichi hufuata njegere na maharage kwa sababu bakteria waishio katika vifundo vya mizizi ya jamii ya kunde hukamata naitrojeni ya hewani, na masalia ya mizizi hiyo hulisha majani ya mwaka ujao. Chokaa hutiwa kwenye sehemu ya kabichi na kuepushwa na ya viazi, kwani udongo wenye chokaa nyingi huleta ukoko kwenye ngozi ya kiazi. Hadi hapo hesabu ni sahihi. Lakini ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kabichi huacha vijimbegu vinavyoweza kungoja udongoni hadi miaka 20, na mzunguko wa miaka mitatu kwa adui wa namna hiyo ni sawa na kufunga mlango kwa uzi. Kilichookoa bustani nyingi ni chokaa, na mzunguko ukapewa sifa isiyokuwa yake yote.

Miche iliyooteshwa chini ya kioo, kama nyanya na kabichi za mapema, ilibaki na mtihani wa mwisho, ambao ni kukomazwa. Kwa siku 10 hadi 14 mche hutolewa nje mchana na kurudishwa jioni katika sanduku lenye mfuniko wa kioo, kisha mfuniko huachwa wazi kidogo usiku, hadi ngozi ya jani inenepe na shina lizoee upepo. Mche uliorukishwa hatua hii hausemi kwamba umeumia, husimama tu wiki mbili bila kukua.

Kuanzia Mei 1941 saa za Uingereza zilisogezwa mbele kwa saa mbili wakati wa kiangazi badala ya moja, hivyo katikati ya mwezi huo jua la London lilizama karibu saa nne kasorobo za usiku kwa hesabu ya Kiswahili, na mfanyakazi wa kiwandani akapata jioni ndefu ya kupalilia baada ya zamu. Jioni hizo hizo, zikiwa tulivu na anga likiwa safi bila wingu, ndizo zilizokuwa za hatari, kwa sababu ardhi isiyo na wingu juu yake hupoteza joto upesi, na hewa baridi iliyo nzito huteremka na kutuama bondeni, kama wakulima wa viazi wa Kinangop nchini Kenya wanavyojua. Mwenye bustani iliyo chini ya mteremko alitoka kabla ya kulala na kufunika majani ya viazi kwa magazeti na magunia. Aliyechelewa akakuta asubuhi majani yamekuwa meusi, basi aliyakata, akavuta udongo upya juu ya tuta na kungoja, maana kiazi kilichobaki chini bado kilikuwa na macho mengine ya kuchipua, na mavuno yakachelewa kwa wiki kadhaa.