Utando wa Seli Moja

Kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkubwa utokao moyoni hadi vishipa visivyoonekana kwa macho, umetandikwa ndani safu moja tu ya seli, nazo ni seli za endothelia. Safu hiyo hugusana na damu usiku na mchana, huizuia isigande ovyo, na husimamia nini kipite kwenda kwenye nyama na nini kibaki. Kwa muda mrefu ilionekana kuwa ni kifuniko tu. Leo tunajua kwamba ina kazi nyingi za kwake, na sehemu kubwa ya ujuzi huo tumeipata kwa mikono ya watu wanaoziotesha seli hizo maabara. Watu hao hutajwa kwa nadra, nami nataka kuwasifu.

Chimbuko la kazi yao ni kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Ndani ya kamba ile mna ateri mbili na vena moja pana isiyo na matawi. Mwaka 1973, huko New York, Eric Jaffe na wenzake walichapisha njia ya kuziotesha seli za vena hiyo, na hadi leo maabara nyingi duniani hufuata nyayo zao.

Fundi huanza kwa kukikagua kitovu. Pale kilipobanwa wakati wa kujifungua hukata na kutupa, maana seli za hapo zimeumia. Huingiza mrija mwembamba kwenye mdomo wa vena, huufunga kwa uzi, kisha husuuza damu hadi maji yatoke safi. Halafu hujaza kolajenasi, kimeng'enya kinacholegeza mshiko wa seli ukutani, na kukiweka kitovu kwenye joto la nyuzi 37. Jaffe na wenzake walikiacha kwa dakika 15. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ukiwahi kumimina, seli bado zimeng'ang'ania. Ukichelewa, seli za misuli ya ukuta nazo hubanduka, zikaingia kwenye chupa yako na kuwa magugu yasiyong'oleka. Saa husaidia, lakini vitovu havifanani, na mkono uliozoea ndio unaojua ukikande kitovu kwa nguvu gani ili seli zibanduke.

Zikishatua kwenye chupa iliyopakwa jelatini, seli hudai malezi: majimaji ya lishe yenye seramu, hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi kiasi cha asilimia 5, na kubadilishiwa majimaji hayo kila baada ya siku mbili tatu, iwe sikukuu isiwe. Bakteria mmoja tu akiponyoka, kazi yote imekwisha. Mambo yakienda sawa, kwenye hadubini utaziona zimejipanga bega kwa bega kama vigae, na zikigusana kila upande huacha kuongezeka. Kwangu mimi huo ni uzuri kamili.

Jaffe na wenzake walionyesha jambo lingine linalonigusa zaidi: seli hizo, hata chupani, zilibeba alama za kundi la damu la yule zilikotoka. Bado ni za mtu. Tena huzeeka, baada ya kugawanywa mara chache tabia zake hubadilika, na watafiti wengi huziacha wakifika mgawanyo wa sita hivi. Ndiyo maana vitovu vipya huhitajika daima, na akina mama huombwa ridhaa. Katika jamii nyingi za kwetu kitovu huzikwa, na mtu hutambua kwao kwa mahali kilipozikwa. Anayekipokea kitovu cha mtu na apokee amana.

Amana hiyo imeturudia. Mwaka 1981 watafiti walionyesha kwamba chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria kali huganda kwenye seli za endothelia zilizooteshwa. Kuganda huko, kunakoziba vishipa vya ubongo, kukawa jambo la kutazamwa mezani na kupimwa. Baadaye ikajulikana kwamba protini iitwayo ICAM-1, iliyo juu ya seli hizo, ni mojawapo ya vishikizo vya vimelea. Mwaka 1997 ikaelezwa aina yake moja inayopatikana kwa wingi kwa Waafrika, nayo ikapewa jina la mji wa pwani ya Kenya: ICAM-1 Kilifi.