Mtambo wa Makosa: Vince Powell na Darasa la Bwana Brown

Waliokulia Kenya wakati televisheni ilikuwa moja tu, ile ya serikali, hawahitaji kukumbushwa Mind Your Language. Darasa la jioni mjini London, watu wazima kutoka kila pembe ya dunia wamekuja kujifunza Kiingereza, mwalimu mpole mbele ya ubao, na kila swali analouliza linamrudia likiwa limepinda. Watoto ambao hawakuwahi kumwona Mtaliano walimjua Giovanni kwa jina na kwa sauti. Jina ambalo halikukaa kichwani mwa mtu ni la aliyeandika yote hayo, Vince Powell.

Nataka kumtazama Powell kama fundi. Kuhusu ubaguzi wa kipindi chake watu wamebishana sana, nami nitafika huko, ila wengi wa wanaobishana hawajaufungua mtambo wenyewe wakaona unavyozunguka. Ilikuwaje vichekesho vilivyotungwa kwa ajili ya sebule za Uingereza vikavunja mbavu Nairobi bila mtu kubadilisha hata neno moja?

Powell alizaliwa Manchester mwaka 1928, na kabla ya kuandika alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, wawili wawili na rafiki yake Harry Driver. Mwaka 1955 Driver akapatwa na polio, ikampooza mwili. Jukwaa likafa, wakageukia kuandika. Driver alijifunza kupiga taipu kwa sindano ya kufumia aliyoishika kwa meno. Kisa hiki husimuliwa kwa huruma, lakini mimi naona pia kinaeleza mtindo. Anayebonyeza herufi moja moja kwa mdomo hana anasa ya maneno ya ziada, na sentensi za Powell na Driver kweli ni fupi, zimekaushwa, neno la kuchekesha limewekwa mwisho kabisa ambapo halifunikwi na lolote. Halafu wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya watu. Walijua kicheko huchukua muda gani kabla mwigizaji hajaruhusiwa kusema tena.

Miaka ya 60 waliandikia tamthilia ya televisheni Coronation Street, kisha wakaanza kubuni vipindi vyao. Viwili ndivyo vinavyonihusu hapa. Never Mind the Quality, Feel the Width, ulioanza 1967, uliwaweka Myahudi na Mkatoliki wa Ireland katika duka moja la ushonaji mashariki mwa London. Dini mbili, cherehani moja, na hakuna mwenye uwezo wa kumwacha mwenzake. Mwaka uliofuata ukaja Nearest and Dearest, wa kaka na dada waliorithi kiwanda cha achari Lancashire. Dada, Nellie Pledge, aliigizwa na Hylda Baker, bingwa wa kuvuruga maneno: ananyoosha mkono kuchukua neno kubwa, anaibuka na jirani yake, na uso wake unabaki na fahari ya msomi. Driver alifariki mwaka 1973. Miaka minne baadaye, Powell akiwa peke yake, alichukua chumba kisicho na mlango wa kutorokea kutoka kwa washonaji, akachukua ulimi wa Nellie, akaugawa kwa watu kumi.

Mind Your Language ilianza kurushwa na kituo cha LWT mwishoni mwa Desemba 1977, ikiongozwa na Stuart Allen. Tazama darasa lilivyopangwa. Giovanni ni mpishi, Juan anauza baa, Max yuko kwenye kampuni ya meli, Ranjeet anafanya kazi kwenye reli ya chini ya ardhi. Anna wa Ujerumani na Danielle wa Ufaransa wanalea watoto kwenye nyumba za watu, Taro anawakilisha kampuni ya Kijapani ya vifaa vya umeme, Su-Lee anatoka ubalozi wa China na hatembei bila kitabu cha Mao. Ali hana kazi. Jamila anafuma. Kazi hizi hazikuwekwa kama pambo. Kila moja ni njia ya kuingizia maneno mapya darasani bila kulazimisha, kwa kuwa mpishi na mwanadiplomasia wakiulizwa swali moja watalijibu kutoka majiko mawili tofauti.

Kisha kila mmoja akapewa namna yake ya kukosea, wala hawaazimani. Taro anabandika irabu mwishoni mwa maneno. Juan anajibu Kihispania kwa uhakika wa mtu aliyefaulu, kisha anadondosha "por favor" yake. Ranjeet anaomba radhi elfu moja kwa jambo dogo. Su-Lee anageuza kila zoezi kuwa hotuba dhidi ya mabepari. Ungeweza kufumba macho, ukasikiliza sauti tu, na bado ukajua nani kasema. Waandishi wengi wa vichekesho hukosea hapo: wahusika wao sita wote ni mwandishi yuleyule amebadilisha kofia.

Vichekesho vyenyewe ni vya daraja mbili, na daraja hizo hazina thamani sawa. Ya chini ni lafudhi tupu: mtu anatamka vibaya, watu wanacheka, basi. Ya juu ni pale jibu linapokuwa sahihi kwa njia ambayo mwalimu hakuitarajia. Nitatunga mfano wangu kwa lugha yetu. Mwalimu wa Kiswahili anaandika ubaoni, "Mtoto amepanda mti," kisha anauliza mtoto sasa yuko wapi. Wa kwanza anasema, "Juu." Wa pili anasema, "Ameenda kuchota maji aumwagilie." Mwalimu anaanza kueleza tofauti ya mbegu na tawi, na kabla hajamaliza wa tatu anauliza kama huo mti ulikuwa na kibali cha serikali. Wa pili hakukosea. Ana akili timamu, kafuata neno lilikompeleka, na lugha ndiyo iliyoachwa uchi. Wa tatu naye haongozwi na sarufi hata kidogo. Anaongozwa na tabia yake, na tabia hiyo tumeshaifahamu kabla hajafungua mdomo. Powell alijenga kurasa nzima kwa hatua hizi: kosa la lugha, kosa la mantiki, kosa la tabia, halafu pumzi ndefu ya mwalimu.

Ile pumzi ni kifaa muhimu kuliko inavyoonekana. Barry Evans, aliyemwigiza Bwana Brown, hakupewa mistari mingi ya kuchekesha. Kazi yake ilikuwa kuamini, kila mara, kwamba swali linalofuata litajibiwa vizuri. Angewadharau wanafunzi, mtambo ungesimama papo hapo, maana hadhira ingekuwa inatazama uonevu. Powell alimwekea na hatari: katika kipindi cha kwanza tunaambiwa kwamba mwalimu aliyemtangulia alirukwa na akili. Sentensi moja tu, na tangu hapo kila jibu potofu lina uzito, kwa sababu tunajua darasa hili huweza kumfanya nini mtu. Juu yake yupo mkuu wa chuo, Bi Courtenay, aliyetaka mwalimu wa kike na hakumpata. Yeye hufungua mlango wakati ambapo darasa limefika mahali pasipoelezeka. Mlango huo unafanya kazi nyingine pia. ITV, mtandao ambao LWT ilikuwa sehemu yake, ilikuwa na matangazo ya biashara katikati ya kila kipindi, hivyo dakika zile ishirini na kitu zilikatwa vipande viwili, na kipande cha kwanza sharti kiishie pa kumfanya mtazamaji asibadilishe kituo. Mwandishi wa BBC hakubeba mzigo huo. Powell aliubeba, na hata simulizi zake nyepesi mno zina fundo katikati.

Sasa Nairobi. Mtazamaji wa Kenya aliketi mahali ambapo mtazamaji wa London hakuweza kuketi. Kiingereza alikuwa anakijua vya kutosha kuona kosa kabla Bwana Brown hajalisahihisha, kwa hiyo alikuwa upande wa mwalimu. Lakini kiboko cha Kiingereza alikuwa amekionja. Shule nyingi zilikuwa na diski, kile kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani, akakaa nacho hadi amnase mwingine. Na mpaka leo aliyeteleza kwa matamshi ya kwao huambiwa ameshrabu. Kwa mtu huyo, kumwona Ali akikosea bila kuvishwa kitu chochote, akicheka na kurudi wiki ijayo, kulikuwa na nafuu ya aina yake. Alicheka akiwa kwenye viti viwili.

Isitoshe, sikio lilikuwa limeshazoezwa. Vichekesho vya televisheni ya Kenya, Vioja Mahakamani na Vitimbi, vilisimama juu ya nguzo hiyohiyo, Kiswahili kinachobeba lafudhi ya kila mkoa. Ojwang wa Vitimbi, Mjaluo aliyejulikana nchi nzima, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu. Darasani kwa Powell ilikuwa vivyo hivyo: Max wa Ugiriki alikuwa Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki, Ranjeet wa Punjab alikuwa Albert Moses kutoka Sri Lanka, Taro wa Japani aliigizwa na Robert Lee, mwenye asili ya Kichina. Tofauti iliyopo ni nzito, hata hivyo. Katika Vioja, anayechekwa na anayecheka wanalipa nauli ya matatu moja. Kesho zamu hugeuka.

Hapo ndipo kasoro ya Powell inapokaa. Darasani kwake zamu haigeuki kamwe. Mwingereza ndiye anayejua, wengine ndio wasiojua, na hakuna anayeruhusiwa kufaulu, maana siku Juan atakapojibu vizuri kipindi kimekwisha. Nani angeandika mstari wa kumfukuza mhusika wake mwenyewe? Kwa hiyo watu wale waligandishwa. Mfululizo wa pili ulimleta Zoltan wa Hungaria, asiyejua neno hata moja, na kitabu chake cha misemo. Mimi naisoma kama dalili kwamba mwandishi aliona vifaa vya zamani vinaanza kuchakaa, akaongeza kifaa badala ya kubadili mwendo. Na katika madawati yale ya kudumu hapakuwa na Mwafrika. Sijui kama tungecheka kwa uhuru uleule lau angekuwepo.

Kwa upande wa ubaguzi, Love Thy Neighbour ndiyo iliyomchafua zaidi, kazi yake pamoja na Driver iliyoanza 1972: mzungu mwenye chuki anapata majirani Weusi, Bill na Barbie. Utetezi wa kipindi ulikuwa kwamba Eddie, yule mwenye chuki, ndiye anayeshindwa mwishoni, na kwamba Bill naye humrudishia matusi. Kwenye karatasi hoja inasimama. Studioni inaanguka, kwa sababu ya jambo ambalo Powell wa jukwaani alilijua kuliko mtu yeyote: hadhira hukumbuka mahali ilipocheka, na ilicheka kwenye tusi. Kushindwa kwa Eddie kulikuja baadaye sana. Katika Mind Your Language matusi ya Ali Mwislamu na Ranjeet Kalasinga yana ugonjwa huohuo. Michael Grade wa LWT aliifunga baada ya mifululizo mitatu, vipindi 29, mwaka 1979, akiona inadhalilisha. Mwaka 1986 ilifufuliwa kwa vipindi 13 na baadhi ya nyuso mpya. Nyuso mpya zilijazwa katika kalibu zilezile, na hazikushika.

Powell alifariki mwaka 2009, na anakumbukwa kwa vipindi hivyo viwili. Ningemwambia kijana anayejifunza kuandika vichekesho aanzie kwingine, kwenye For the Love of Ada, ulioanza 1970. Ada ni mjane mzee. Anayempenda ni Walter, mchimba makaburi aliyemzika mumewe. Jack Smethurst, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa Eddie, yumo kama mkwe wa Ada. Hakuna lafudhi ya kigeni, hakuna taifa la kuchezewa. Kicheko kinatoka kwenye hali yenyewe, wazee wawili wanaotongozana mbele ya watoto walioshtuka, na hali hiyo inasogea: wanajuana, wanachumbiana, wanaoana, na kila hatua inamletea mwandishi shida mpya ya kutatua. Sentensi ni zilezile fupi, neno la mwisho bado limewekwa mahali pake, na safari hii waliomo ndani wanaruhusiwa kubadilika.