Kipanya ndani ya menyu ya maandishi

Tuseme mbadilishaji fedha wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ana kompyuta yenye menyu ya maandishi matupu: Shilingi, Faranga, Dola. Mhasibu wake yuko Kasese. Anaingia humo kutoka mbali kwa SSH na kuchagua kwa vitufe vya mishale. Je, anaweza kubofya “Dola” kwa kipanya, ilhali kwenye skrini hamna picha yoyote, ni herufi tu?

Anaweza. Programu ikituma amri maalumu, terminali kama xterm huanza kuripoti kila mbofyo kwa mfuatano wa herufi, unaopita njia ileile ya herufi za kibodi. Ukibofya safu ya 12, mstari wa 7, kinachosafiri ni baiti chache tu, na hata intaneti inayosuasua huzifikisha. Utaratibu wa zamani ulijumlisha 32 kwenye kila namba na kuibana ndani ya baiti moja, kwa hiyo haukuvuka safu ya 223. Ule mpya, SGR, huandika tarakimu za kawaida.

Lakini ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, umo katika dialog, programu ya menyu inayotunzwa na Thomas Dickey, mtunzaji pia wa xterm na ncurses. Inapochora menyu, huweka kumbukumbu ya maeneo: kila eneo linaanzia wapi, upana na urefu wake, na namba yake. Orodha ya menyu haigawiwi eneo kwa kila mstari. Hupewa eneo moja kubwa, kisha mstari uliobofywa hukokotolewa, pamoja na mistari iliyokwisha kusogezwa juu. Mbofyo ukiangukia ndani ya eneo, programu hupokea namba mahali palepale inapopokea vitufe. Mishale inabaki ilivyo, na asiye na kipanya hapotezi kitu. Huo ndio uamuzi ninaousifu zaidi: kipanya kimeongezwa bila kuandika menyu upya.

Gharama ipo. Terminali ikisharipoti mibofyo, kuburuta kipanya ili kunakili maandishi hakufanyi kazi tena kama kawaida. Kwenye xterm, mhasibu anayetaka kunakili bei ya dola lazima ashikilie Shift, na mwenye kutengeneza menyu afadhali aliandike hilo chini ya skrini, kwa lugha ya watumiaji wake.